Ruzuku ya mbolea: daftari la wakulima lisomwe mkutanoni, heka hewa zinatumaliza

Kahawa na Mahindi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Niko Mbozi, mkoa wa Songwe, upande wa Mlowo, nalima mahindi heka tano na kahawa kidogo aliyoacha mzee. Hili jambo nimelibeba misimu kadhaa nikawa nalisemea vijiweni tu, leo naliweka hapa kwa sababu najua haliko kwetu peke yetu. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Kwanza tuwekane sawa ruzuku inavyotembea, maana hata wakulima wenzangu wengi wanadhani serikali inagawa hela au inagawa mbolea. Haigawi vyote viwili. Tarehe 8 Agosti 2022, Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia alizindua huu mpango, kipindi kile vita ya Urusi na Ukraine imepandisha bei mpaka watu wanapanda mahindi makavu bila chochote. DAP, mbolea ya kupandia, iliyokuwa 131,676 ikashushwa mpaka 70,000 kwa mfuko wa kilo 50, na zile za kukuzia, urea 70,000, CAN 60,000, SA 50,000. Msimu ule zilitengwa bilioni 150. Sasa ile tofauti, yani zile 61,676 za DAP, mkulima haioni kwa macho. Wewe unaandikishwa kijijini, taarifa zako zinaingizwa kwenye sistimu, namba inakuja kwenye simu, unaenda nayo kwa wakala aliyesajiliwa, anaiingiza, anaskani QR ya mfuko, ile alama ya kusomwa na simu, unalipa bei yako ya ruzuku. Sistimu inaandika kwamba mfuko huu kachukua mkulima fulani, na kwa rekodi hiyo ndo serikali inamlipa aliyeleta mbolea kile kilichobaki.

Kwahiyo mabilioni yote yale yanasimama juu ya mstari mmoja kwenye daftari la kijiji. Jina, namba ya simu, na heka ulizosema unalima. Heka ndo zinaamua utachukua mifuko mingapi. Nani anahakiki hizo heka? Hapo ndo penye mzigo wangu.

Msimu uliopita nilienda ofisi ya kijiji kuhuisha taarifa. Mtendaji akafungua kaunta buku, akawa anageuza kurasa kutafuta jina langu na mimi nimesimama pembeni yake, macho hayana pazia, nikaona jina la jamaa mmoja ambaye tunamjua wote pale kijijini. Huyu mtu anakaa mjini, kijijini ana heka tatu za urithi na zenyewe kazikodisha. Kwenye daftari ana heka 40. Heka 40! Kijiji kizima hakuna mtu mwenye shamba la heka 40 kwenye kipande kimoja, hata ukiunganisha ya babu yake na wajomba. Nikageuza macho nisionekane nimeona. Kurasa mbili mbele nikaona jina la shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa. Shemeji analima heka mbili na nusu kwa mkono wake na watoto wake, jembe analifahamu kuliko mimi. Kaandikwa nusu heka. Na namba ya simu iliyoandikwa sio yake, ni ya kijana wake aliyekuwa Tunduma na laini ile ilishapotea zamani. Maana yake hata hiyo nusu heka, ile namba ya kuchukulia mbolea ilienda kwenye simu ambayo haipo.

Chukueni kalamu. Heka 40, piga mfuko mmoja mmoja wa DAP wa kupandia, kwa bei za msimu ule wa kwanza ni mifuko 40 mara 61,676, hiyo ni 2,467,040. Hela ya umma, karibu milioni mbili na nusu, kwa DAP peke yake hatujagusa urea ya kukuzia, inalipwa kwa mahindi ambayo hayakuwahi kupandwa. Mbolea yenyewe inaenda wapi? Mlowo mpaka Tunduma sio mbali, wote tunajua mfuko wa ruzuku ukivuka mpaka unageuka bei.

Na shemeji yangu msimu huo alipandia samadi kidogo na kukuzia alichanga mfuko mmoja na jirani, wakagawana kwa ndoo.

Ombi langu ni moja. Daftari lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla halijaingizwa kwenye sistimu. Jina, kitongoji, heka. Mkutano mkuu kisheria unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu, sio jambo la kuomba kibali Dodoma. Sisi wenyewe ndo tunajua nani analima wapi, hakuna setilaiti wala mkaguzi anaemshinda jirani. Akisomwa fulani heka 40 na watu mia mbili wamekaa chini ya mti, patakuwa na minong'ono tu na minong'ono inatosha.

Karibuni.

Jembe la Mkono

Mkuu umegusa donda. Huku Namtumbo sisi ilikuwa kinyume, watu waliogopa kutaja heka zao zote wakidhani ni mambo ya kodi au shamba litakuja kupimwa lichukuliwe. Mwenye heka sita akasema mbili. Msimu ulipofika akabaki analia anataka mifuko sita, sistimu inampa miwili. Kwahiyo wapo wa kuongeza na wapo wa kupunguza, na hao wa kupunguza ndo wengi na ndo wanyonge.

Kahawa na Mahindi

Jembe la Mkono hilo ni kweli kabisa na hata kwetu lipo, sikuliandika tu. Mtu akisikia anaandikwa na serikali kitu cha kwanza anachoficha ni ng'ombe, cha pili heka. Lakini ona sasa, hata huyo wa heka mbili kama daftari lingesomwa hadharani jirani yake angesema "we mzee mbona bonde lote lile la mtoni ni lako", lingerekebishwa palepale. Aliyeficha kwa hofu anasaidiwa na mkutano uleule unaomfichua aliyeongeza kwa tamaa.

Mchana Kweupe

Naomba nipinge kidogo mleta uzi, kwa nia njema. Mkutano wa kijiji unaouamini ulishajaribiwa. Mnakumbuka vocha za pembejeo? Ule mpango wa 2008 mpaka 2014, fedha za Benki ya Dunia zikiwemo. Kila kaya ilikuwa inapewa vocha tatu za heka moja, ya mbegu ya mahindi kilo kumi, ya urea mfuko mmoja na ya DAP mfuko mmoja au mbolea ya Minjingu mifuko miwili, mkulima anaongeza nusu ya bei. Kulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu wanawake watatu, wanachaguliwa na mkutano mkuu huohuo, na orodha inapitishwa na mkutano huohuo. Matokeo? Kuna utafiti ulifanyika Kilimanjaro kuhusu msimu wa 2009, ukakuta kama asilimia 60 ya vocha ziliishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa. Asilimia 60. Na walikuta hali ni mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile ambavyo watu wamepishana sana kwa mali. Sasa wewe unataka turudi kulekule?

Mama Debe Sita

Mchana Kweupe nakubaliana na ulichosema kuhusu vocha, mimi nilikuwepo, nipo Ludewa. Nilipewa vocha mwaka mmoja tu. Na ngoja niseme ilivyokuwa kwa sisi tusio na hela, ile nusu ya kuongeza hatukuwa nayo mwezi wa kumi na moja, huo ni mwezi wa njaa, ghala tupu na ada ya shule inakuja. Wakala alikuwa anakuja na gari, anakwambia mama saini hapa nikupe elfu kumi, vocha anabaki nayo, mbolea hushushi, anaenda kudai benki kama vile umechukua. Tulisaini. Nilisaini na mimi. Mtoto alikuwa anaumwa. Kwahiyo msiseme wakulima waliuza vocha kama vile tulikuwa wahuni, tuliuza kwa sababu msaada ulikuja wakati hatuna mkono wa kuupokelea.

Na hii ya sasa ni hivohivo, bei ya ruzuku ni ndogo kwa mwenye hela.

Kahawa na Mahindi

Mama nimekusoma mara mbili, asante kwa kusema wazi, wengi wamepitia hilo wanaona aibu kulitamka na aibu sio yao.

Mchana Kweupe, hoja yako ni nzito na siikimbii. Ila tofauti ninayoiona ni hii: kwenye vocha mkutano ulikuwa unapitisha nani APEWE, vocha zilikuwa chache kuliko watu, kijiji cha kaya mia tano kinaletewa vocha mia mbili, hapo lazima wenye sauti wale kwanza. Kila mtu akimpinga kiongozi anajua mwakani hatakuwepo kwenye orodha. Sasa hivi mpango hauchagui, kila mkulima aliyejisajili anastahili, hakuna mtu wa kumnyang'anya mwenzake nafasi. Kinachoulizwa mkutanoni ni swali moja la ukweli tu, huyu analima heka ngapi. Hilo halihitaji hisani ya mwenyekiti.

Siwezi kusema halitachezewa. Nasema litachezewa kwa shida zaidi kuliko sasa ambapo daftari liko kwenye droo ya mtu mmoja.

Stoo ya Pembejeo

Mimi ni wakala, naomba na sisi tusikike maana kila uzi wa mbolea wakala ni mwizi. Wapo wezi, sikatai, na alichosema Mama Debe Sita nilikiona kwa macho yangu. Lakini mnajua mawakala wangapi walifilisika na madeni ya pembejeo ya msimu wa 2015/16? Watu walikopa benki wakaweka nyumba rehani, wakasambaza, serikali ikasema inahakiki, uhakiki ukakuta madai ya uongo mengi sana, na kwa sababu ya wale waongo wa kweli wakasubiri miaka. Mimi mmoja wao. Kwahiyo heka hewa na mkulima hewa vinamuumiza hata wakala anaefanya kazi kwa haki, kwa sababu siku hesabu zikikataa, malipo yanasimamishwa kwa wote.

Nyingine ni hii QR. Dukani mtandao unapotea, mkulima katoka kilomita ishirini, pikipiki inamsubiri nje inahesabu hela, sistimu imeganda. Nifanyeje? Nikimpa mfuko bila kuskani mimi ndo nimeibiwa, nikimkatalia anasema nimeficha mbolea. Kuna siku watu wamelala kwenye baraza la duka langu, nikawapikia uji.

Bonde la Rukwa

Nashukuru Stoo umetaja kilomita. Mimi niko Kamsamba huku chini, Momba. Wakala wa uhakika kwetu ni kupanda juu Mlowo au Tunduma, na mvua zikianza ile barabara mnaijua wenyewe. Mfuko mmoja kuushusha huku nalipa 12,000 mpaka 15,000, na mimi mwenyewe nauli ya kwenda na kurudi, na kama mtandao umegoma nalala, nakula. Nikimaliza kupiga hesabu ile ruzuku imebaki nusu. Msimu ule wa kwanza kwenye redio walitangaza 70,000, mimi mfuko ulifika shambani kwa laki. Kabla ya kugombania heka tugombanie umbali.

Kahawa na Mahindi

Bonde la Rukwa hapo huwa nashangaa kitu kimoja. Mbozi na Mbeya yote AMCOS za kahawa, yani vyama vya msingi vya ushirika, zimejaa, kila kata unaikuta, zina maghala, zina mizani, zina karani, na ghala la kahawa mwezi wa kumi na moja liko tupu kwa sababu kahawa ilishauzwa. Ni ghala lilelile linaloweza kukaa mbolea. Wizara walishaanza kuzitumia AMCOS kama wakala baadhi ya maeneo na palipofanyika watu wamepumua. Kwenu kahawa hakuna najua, ila mpunga na ufuta upo na vyama vipo. Fuso moja ikishusha mifuko mia mbili pale Kamsamba mwezi wa kumi kabla ya mvua, gharama inagawanyika, haifiki hata elfu nne kwa mfuko.

Kitale Mashambani

Salamu kutoka Kenya, niko Trans Nzoia, nimekuwa nikisoma tu lakini hii imenigusa nikasema wacha nichangie. Shida zetu ni pacha. Huku serikali ilishusha fatalaiza Septemba 2022, gunia la kilo 50 likawa 3,500 za Kenya kutoka zaidi ya 6,000, halafu 2023 ikaja 2,500. Waandikishaji walipita na chifu na mzee wa mtaa, ukiandikishwa unatumiwa meseji, unaenda depo ya NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, unalipa unabeba. Sasa mtu ako na eka moja anatumiwa meseji ya magunia kumi na mwingine ako na eka kumi anatumiwa ya magunia mawili, mpaka leo sijaelewa. Na foleni mwanzoni, watu walikuwa wanalala kwa trakta nje ya geti usiku tatu.

Lakini ile ilituuma zaidi ni 2024. Tumepanda mwezi wa tatu vizuri, halafu tunasikia kwenye habari kuna magunia yaliyouzwa chini ya mpango wa serikali yana mchanga na unga wa mawe ndani. Mvua ya kupandia haikungoji ukarudishe gunia. Maneno yalifika bungeni, waziri akajadiliwa kuondolewa, kamati ikamwondolea lawama, wakulima waliahidiwa kufidiwa. Mimi mahindi yangu yalitoka manjano robo ya shamba. Kwahiyo ndugu zangu mkisoma daftari, someni pia kile kiko ndani ya gunia.

Jambo moja lilisaidia ni kaunti kufungua vituo vidogo huku mashinani badala ya depo moja Kitale. Hapo naungana na wa Kamsamba.

Mikorosho Newala

Poleni sana wa Kitale.

Huku kusini sisi ni salfa na viuatilifu vingine, dawa za kupulizia mikorosho, na sasa hivi tunapewa bure kwa idadi ya mikorosho. Mkishangaa heka hewa njooni muone mikorosho hewa. Mtu ana miti 60 kaandika 600. Lakini nataka niwakumbushe kitu kuhusu hela inakotoka. Zamani asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, pembejeo zikiwemo. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa zote zikaenda mfuko mkuu Hazina. Msimu wa 2017/18 tulizalisha zaidi ya tani 313,000, msimu uliofuata tukashuka kwenye 225,000 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, hali ya hewa nayo, ila salfa ilichelewa na tuliopulizia kwa kuchelewa tuliona ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unavyokula maua. Nimetaja hili kwa sababu mkulima hewa akila pembejeo za msimu mmoja, mwaka unaofuata wenye hela wanapata kisingizio cha kupunguza bajeti, wanasema mbona tulitoa na uzalishaji haukupanda.

Bwanashamba Mstaafu

Vijana wangu, hapo aliposema wa Newala ndipo nilitaka nifike. Nimefanya ugani miaka mingi nyanda za juu kusini. Heka hewa haziishii kwenye wizi wa mifuko. Zinaingia kwenye takwimu. Ile heka 40 ya mleta uzi wizarani inasomeka kama shamba lililolimwa na kuwekewa mbolea. Afisa anajumlisha, anapata kwamba wilaya imelima eneo kubwa, mbolea imetumika, anakadiria mavuno. Mavuno yakija pungufu anahitimisha kwamba wakulima hawajui kutumia mbolea, wanaletewa semina. Pale Abuja mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, sisi tulikuwa tunazungumzia kilo 19 hivi miaka mingi baadae. Sasa kama na hizo chache nyingine zilivuka mpaka, shambani kumefika ngapi?

Na jambo la pili, udongo. Mbozi, Mbeya, Rukwa sehemu nyingi udongo una tindikali. Urea, SA na hata DAP mkiweka kila mwaka bila kurudisha chokaa na samadi mnaongeza tindikali, na ikizidi fosforasi ya DAP inashikwa na udongo mmea hauipati. Mtu analaumu mbolea feki kumbe mbolea ni nzima, udongo ndo umechoka. Pimeni. Na urea msiirushe juu juu kwenye jua mkaacha, inapaa, fukieni sentimita chache pembeni ya shina wakati udongo una unyevu.

Kahawa na Mahindi

Shikamoo mzee. Hili la takwimu sikuwahi kulifikiria hivo, na limenikereketa kuliko hata mifuko, kwamba shemeji yangu ameandikwa nusu heka na gunia zake kumi na tano alizopata akizipeleka sokoni haziingii popote kama zimetoka kwenye heka mbili na nusu, au zinaonekana kama muujiza wa nusu heka. Mimi shamba la juu nitapima udongo, naona mahindi yanakuwa na zambarau kwenye majani yakiwa madogo.

Bwanashamba Mstaafu

Marahaba. Zambarau hiyo ni dalili ya mmea kukosa fosforasi. Pima kwanza kabla hujaongeza DAP.

Mwanasheria wa Kata

Naunga mkono hoja ila muwe makini. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilianza kutumika 2023. Mtendaji mwoga ataisimamisha hapo hapo atasema siwezi kusoma taarifa za watu. Msimpe hiyo nafasi. Namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, isisomwe, namba ya simu isisomwe. Jina, kitongoji na heka inatosha, na iwe ajenda iliyopitishwa na halmashauri ya kijiji, muhtasari uandikwe, usainiwe. Muhtasari ndo silaha, sio kelele.

Mchana Kweupe

Mleta uzi, nimekaa nimefikiria jibu lako la vocha. Bado nina wasiwasi na vijiji vyenye mabwana wakubwa, mtu mwenye duka, mashine ya kusaga na trakta, nusu ya kijiji anaidai fadhila, nani atanyanyua mkono aseme heka zako ni za uongo? Ila nakubali kwamba swali la ukweli ni rahisi kulisimamia kuliko swali la kugawana. Pendekezo, wasome kitongoji kwa kitongoji, sio kijiji kizima mara moja. Kwenye kitongoji watu wanajuana mipaka ya mashamba mpaka mti wa mpaka.

Kahawa na Mahindi

Wakuu narudi na mrejesho, nimekaa kimya wiki tatu nilikuwa nafuatilia.

Nilimfuata mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wawili wa halmashauri ya kijiji, tukaongea kwa utaratibu, sikumtaja mtu wala heka 40. Nikawapa ushauri wa Mwanasheria wa Kata kama ulivyo. Mtendaji hakufurahi, alisema daftari ni nyaraka ya serikali, mzee mmoja mjumbe akamuuliza kwa upole, serikali ya wapi, sisi si serikali ya kijiji? Ikaingia ajenda.

Jumamosi mkutano umekaa. Tukafanya kama alivyosema Mchana Kweupe, kitongoji kwa kitongoji, na ilichukua saa nne na nusu, mvua ya manyunyu, watu hawakuondoka. Kitongoji cha kwanza wamekutwa marehemu wawili bado wanalima. Cha pili kuna mzee aliyeandikwa heka moja akasimama mwenyewe akasema nilidanganya niliogopa, zangu ni nne, watu wakampigia makofi. Nilivyomuona mzee huyo, Jembe la Mkono, nilikukumbuka wewe. Kinamama ndo walikuwa wengi wa kurekebisha, karibu kila kitongoji kulikuwa na mjane au mwanamke aliyeachwa ambaye shamba liko kwa jina la shemeji au baba mkwe na yeye kaandikwa robo, nusu. Hilo sikulitegemea kwa wingi ule.

Ilipofika jina la jamaa, karani akasoma, heka 40. Kimya. Kweli ilikuwa kama Mchana Kweupe alivyosema, hakuna mkono. Mimi moyo unanidunda, na mimi sikunyanyua, nakiri. Aliyesema ni mama mmoja anauza maandazi pale stendi, hata hajasimama, amesema tu kwa sauti, "Arobaini? Ziko upande gani tukazione?" Mwenyekiti akamwambia karani aweke alama ya kuhakikiwa. Kwenye muhtasari limeandikwa, kamati ya watu watano wataenda na kamba. Jamaa mwenyewe hakuwepo. Amenipigia simu Jumapili kuniuliza kuna nini kijijini, nikamwambia kaka njoo uonyeshe mashamba, kama yapo utaongezewa heshima.

Bado kuna kazi. Muhtasari tumepeleka kata, marekebisho yanatakiwa yaingizwe kwenye sistimu kabla dirisha la kuhuisha halijafungwa, na anaeingiza ni mtu wa wilaya ambae ana vijiji vingi mezani. Bonde la Rukwa, AMCOS yetu imeandika barua ya kuomba uwakala, haijajibiwa, nitakujulisha ikijibiwa. Stoo, watu wengi wameuliza kama unaweza kuleta gari kijijini na kuskania hukohuko siku mtandao upo, nitakutafuta pembeni.

Shemeji amesajili laini yake mwenyewe Alhamisi, kaandikwa heka mbili na nusu, nusu ile imefutwa kwa kalamu nyekundu na karani kasaini pembeni. Leo jioni kanipigia, namba imeingia. Keshokutwa napita nae Mlowo, mifuko miwili ya kupandia, nimeshaongea na kijana wa kirikuu.

Mama Debe Sita

Mwambie shemeji yako hongera. Na yule mama wa maandazi, mnunulie maandazi yote siku moja.